Udanganyifu wa Sauti katika Majina ya Kale

Pana elimu mbili za majina ya miji. Moja hufanywa kwa masikio, na ya pili hufanywa kwa akili. Ile ya masikio ni nyepesi na tamu, tena haina ada ya shule. Mtu husikia jina la mji wa mbali, akalifananisha na neno la lugha aijuayo, akapiga makofi na kusema, "Nimegundua!" Ile ya akili ni nzito, huenda polepole, na mara nyingi humwachia mtu jawabu dogo kuliko alilolitamani. Insha hii ni mashtaka juu ya elimu ya kwanza. Nakusudia kukuonyesha, msomaji, ya kuwa kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi, na ya kuwa wale waliokufanya kuwa ushahidi wamewapotosha watu wengi, wasomi na wasiosoma.

Mahali nitakapoisikilizia kesi hii ni mbali na kwetu, nako ni Iliria ya kale. Nimepachagua kwa makusudi. Mtu hawezi kuwa hakimu mwema katika kesi ya shamba la baba yake. Katika habari za Iliria, wewe na mimi hatuna shamba, hatuna mahari, wala hatuna kaburi la babu. Tutaweza kupima maneno bila hasira na bila upendeleo. Tukiisha kujifunza kupima huko, tutarudi nyumbani na mizani yetu mkononi.

Iliria ni jina walilolitumia Wagiriki, na baada yao Warumi, kwa nchi zilizo mashariki ya Bahari ya Adriatiki, zinazoelekeana na Italia. Leo mahali hapo pana Albania, Montenegro, Bosnia na Herzegovina, na pwani ya Kroatia. Wenyeji wake walikuwa wachungaji, mabaharia na wapiganaji. Malkia wao Teuta alipigana na Warumi mwaka 229 KK, na mfalme wao Gentius, aliyekaa katika mji wa Scodra, alishindwa nao mwaka 168 KK. Lakini watu hao mashujaa hawakutuachia kitabu, wala barua, wala hata sentensi moja ya lugha yao iliyothibitishwa. Tulicho nacho ni majina ya watu, makabila, miji na milima, kama yalivyosikiwa na kuandikwa na wageni. Zaidi ya hayo pana maneno machache ya kuhesabika kwa vidole. Mojawapo ni sabaia, aina ya pombe ya shayiri. Mwandishi Ammianus Marcellinus asimulia ya kuwa watu wa mji wa Chalcedon, wakiwa juu ya ukuta wao, walimtukana mfalme Valens kwa kumwita mnywaji wa sabaia. Lugha nzima imepotea, na tusi likabaki!

Sasa fikiri, msomaji. Lugha ikiwa na maneno machache kiasi hicho, majina ya miji huwa kama shamba lisilo mlinzi. Kila apitaye huchuma apendacho. Na kitu cha kwanza wapitao wanachokichuma ni mwanzo wa jina, yaani kile tukiitacho kiambishi awali.

Tutazame mfano. Katika pwani ile palikuwa na miji mitatu ambayo majina yake yaanza kwa namna moja: Epidamnus, ambao leo ni Durrës, Epidaurum, ambao leo ni Cavtat, na Epetium, ambao leo ni Stobreč, karibu na mji wa Split. Mtu wa masikio husema mara moja, "Hapana shaka Epi ni kiambishi cha Kiiliria!" Mimi namwuliza, "Umejuaje?" Katika Kigiriki pana neno epi, maana yake juu ya, au karibu na. Epidamnus wenyewe ulianzishwa na Wagiriki kutoka kisiwa cha Corcyra mwaka 627 KK, katika nchi ya Wailiria. Tena katika Ugiriki penyewe pana mji maarufu uitwao Epidaurus. Basi kiambishi hicho ni cha nani? Cha wenyeji, au cha wageni, au cha wote wawili kwa kuwa lugha zao zilikuwa na asili moja ya mbali? Na ukikata Epi katika Epidamnus, hubaki Damnus, nalo laweza kuwa shina. Lakini ukikata Epe katika Epetium, hubaki "tium", ambayo karibu yote ni mkia wa Kilatini. Ni kiambishi gani hicho kinachokula shina lake mwenyewe? Wahenga wetu walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kiambishi ni mlango wa jina. Mtu wa masikio husimama mlangoni, akausifu mlango, kisha akaenda zake akisema ameijua nyumba.

Wala usidhani ya kuwa kosa hili ni la watu wengine tu. Sisi Waswahili tumelitenda, na tunalitenda kila siku bila kujua. Neno kitabu tulilipokea kutoka Kiarabu. Katika Kiarabu, ile "ki" ya mwanzo si kiambishi hata kidogo. K ni sehemu ya shina lenyewe, shina la kuandika, kama ilivyo katika neno katibu. Lakini masikio yetu yaliposikia "ki", yalisema, "Hii ni kama ki ya kiti na kisu," nasi tukasema vitabu. Hapo hapana dhambi, kwa maana lugha ina haki ya kufanya mgeni wake mwenyeji. Lakini angetokea mtaalamu wa kigeni baada ya miaka elfu mbili, Kiarabu kikiwa kimesahauliwa, naye akaandika ya kuwa "tabu" ni shina la Kibantu lenye maana ya kusoma, tungemcheka makaburini. Somo la neno kitabu ni hili: sikio halipokei viambishi tu, sikio huviumba.

Wagiriki waliviumba kwa wingi. Kusini, katika nchi ya Epirus inayopakana na Iliria, palikuwa na mji wa Buthrotum, ambao leo waitwa Butrint. Kaskazini zaidi, katika pwani ya Montenegro ya leo, palikuwa na Buthoe, ambao leo waitwa Budva. Majina yote mawili yaanza kwa Bu. Katika Kigiriki ng'ombe huitwa bous. Basi wasimulizi hawakuhitaji zaidi ya hapo. Juu ya Buthrotum walisema ya kuwa Helenus, mwana wa mfalme Priam wa Troia, alipofika pwani alimchinja fahali awe sadaka. Yule fahali, akiwa na jeraha, alitoroka, akaogelea, akafika nchi kavu, akafa. Na mahali alipofia pakawa mji. Juu ya Buthoe walisema ya kuwa Cadmus wa Thebes alifika huko kwa gari lililokokotwa na ng'ombe. Silabi moja imezaa ng'ombe katika miji miwili! Hadithi hizi hazikuleta majina. Majina ndiyo yaliyoleta hadithi. Nawe ukisikia hadithi inayolieleza jina kwa ukamilifu mno, bila kubakiza hata uzi mmoja, uishuku kwa sababu ya ukamilifu wake.

Warumi nao hawakubaki nyuma. Waliposikia jina la Epidamnus, masikio yao yalisikia neno lao damnum, yaani hasara. Ni nani apendaye kutia nanga katika bandari ya hasara? Waandishi wao wanatuambia ya kuwa ndiyo sababu walipendelea jina la pili la mji huo, Dyrrhachium, ambalo ndilo lililozaa Durrës ya leo. Hivyo hivyo walifanya katika Italia kwa mji wa Maleventum. Walisikia ndani yake neno la ubaya, na walipoweka walowezi wao huko mwaka 268 KK wakauita Beneventum, kwa neno la wema. Lakini Pliny, mwandishi wao mkubwa, hakuacha mchezo huo. Alipofika kwenye mji wa Olcinium, aliandika ya kuwa zamani uliitwa Colchinium kwa sababu ulianzishwa na watu wa Colchis, nchi iliyo mbali kabisa, ng'ambo ya Bahari Nyeusi. Leo pana wataalamu wanaoona katika jina lile lile neno la Kialbania lenye maana ya mbwa mwitu. Jina moja, mashahidi wawili, na kila mmoja aapa kwa sikio lake. Hawawezi kuwa wakweli wote wawili.

Utasema, "Hao ni watu wa kale. Wasomi wa zama zetu hawawezi kuanguka shimo hilo." Laiti ingekuwa hivyo! Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wataalamu mashuhuri wa Ulaya, miongoni mwao Julius Pokorny na Hans Krahe, waliyakusanya majina ya Iliria kwa bidii kubwa. Krahe alitoa kitabu chake juu ya majina ya mahali ya nchi hizo mwaka 1925. Mkusanyo ulikuwa kazi njema. Lakini baada ya kukusanya, walianza kutazama mbali. Waliona mto huu wa Ujerumani wafanana na jina lile la Adriatiki, na mji ule wa magharibi wafanana na mwingine. Muda si muda Wailiria wakaenezwa katika ramani ya Ulaya kama maji yaliyomwagwa mezani. Hapakuonekana kaburi, wala maandishi, wala ushahidi wa safari yenyewe. Palikuwa na silabi. Kwa heshima ya Krahe lazima niseme ya kuwa baadaye aliuacha upana huo. Alisema ya kuwa majina ya mito ile ni ya tabaka la lugha la zamani zaidi, lisilo la Wailiria. Mwanachuoni aliye kweli hujulikana hapo: si kwa kutokosea, bali kwa kukiangusha kwa mikono yake kiti alichokikalia.

Tazama jinsi mtego ulivyotegwa. Katika Iliria pana miji mingi inayoishia kwa -ona: Salona, Narona, Scardona, Aenona, Albona. Mwisho huo wa majina wavutia, kama vina vya shairi. Lakini katika Italia ya kaskazini pana Verona na Cremona. Je, nao ni Wailiria? Katika Ufaransa ya kale, nchi ya Waselti, mto uitwao leo Marne uliitwa Matrona. Je, nao? Katika Hispania pana Barcelona; lakini katika enzi ya Warumi mji huo uliitwa Barcino, na mkia wake wa leo umeota baadaye. Na tukienda kwa masikio bila breki, tutavuka bahari tufike Arizona katika Marekani, tuwakute Wailiria wamepanda farasi jangwani. Unacheka, msomaji. Cheka, lakini kumbuka ya kuwa kati ya kosa la kuchekesha na kosa la kuheshimika hapana tofauti ya njia, ila ya umbali tu.

Kama bado una shaka, nitakuletea shahidi mmoja wa mwisho, naye ni pete. Pete hiyo ya shaba nyeusi ilipatikana kaskazini mwa Albania, karibu na Shkodër, ikiwa na maandishi mafupi. Furaha ilikuwa kubwa, kwa maana wataalamu walidhani wamepata kwa mara ya kwanza sentensi ya Kiiliria. Herufi zilisomwa, maneno yakagawanywa, na hata jina la mungu wa kike likaonekana ndani yake. Kisha akatokea msomaji makini zaidi, akaonyesha ya kuwa maandishi hayo ni Kigiriki cha Wakristo wa Bizanti, yaliyoandikwa miaka mingi sana baada ya Wailiria. Pete ilisema hivi: Bwana, msaidie Anna. Ilikuwa sala ya mwanamke, nao wataalamu waliigeuza kuwa sarufi. Waliitafuta lugha kwa hamu kubwa hata wakaiona mahali isipokuwapo. Hamu ni taa mbaya. Humulika kile tu mtu alichokuja kukitafuta.

Sasa nasikia sauti ya mpinzani wangu. Yeye husema, "Mwalimu, wewe unabomoa tu. Je, tusiseme neno lolote juu ya majina ya kale? Tukae kimya?" La, hasha. Sikatazi kuuliza, nakataza kujibu kabla ya kupima. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa ya kuwa jawabu la hesabu lisiloonyesha njia yake halipati alama zote, hata likiwa sahihi. Mimi nataka sheria hiyo hiyo itumike katika majina. Jawabu liwe na njia yake.

Njia yenyewe ipo, tena ni nzuri. Kwanza, lugha hazibadiliki ovyo. Sauti zikibadilika, hubadilika kwa sheria, na sheria hiyo huonekana katika maneno mengi. Mathalan, Mswahili husema kiti, na Mkikuyu husema gĩtĩ. Mswahili husema Kikuyu, na wenyewe husema Gĩkũyũ. Lakini Mswahili akisema kitu, Mkikuyu hasemi kwa g, husema kĩndũ. Kwa nini? Kwa sababu katika Kikuyu k hulainika ikawa g pale silabi inayofuata ianzapo kwa k, t au sauti za namna hiyo. Katika kĩndũ sauti inayofuata ni nd, kwa hiyo k imebaki. Sheria hii huitwa Sheria ya Dahl, kwa jina la Mjerumani Edmund Dahl aliyeiona katika Kinyamwezi. Angalia, msomaji: undugu wa Kiswahili na Kikuyu hauthibitishwi na yale yanayofanana tu, bali na yale yasiyofanana kwa utaratibu. Tofauti yenye sheria ni shahidi bora kuliko mfanano usio na sheria. Katika Kiajemi neno bad maana yake ni baya, na katika Kiingereza bad maana yake ni hiyo hiyo. Hata hivyo maneno hayo mawili hayana asili moja. Yamekutana njiani tu, kama watu wawili waliovaa kanzu za rangi moja.

Tupeleke kipimo hicho pwani ya Adriatiki. Mji wa kale wa Aulona leo huitwa Vlorë na Waalbania wa kusini, na Vlonë na wale wa kaskazini. Je, ile r imetoka wapi? Tutazame neno jingine. Divai kwa Kilatini ni vinum. Waalbania wa kaskazini husema venë, na wa kusini husema verë. Mchanga kwa Kilatini ni arena. Kaskazini ni ranë, na kusini ni rërë. Hapa pana sheria: n iliyokuwa kati ya irabi, kusini iligeuka r. Basi twaweza kusema kwa uthabiti ya kuwa jina la Aulona lilikuwa vinywani mwa watu wa kusini kabla ya badiliko hilo kupita. Hilo ni jawabu lenye njia yake. Lakini utazame pia mpaka wake. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni bonde au mlango wa bahari. Kwa hiyo sheria yatuambia ni nani waliolitamka, na lini kwa kadiri. Haituambii ni nani aliyekuwa babu wa nani.

Pili, pawe na shahidi wa nje. Ng'ambo ya pili ya bahari, katika Italia ya kusini, walikaa Wamesapi, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa karibu na Wailiria. Hao walituachia maandishi mamia. Mji wao mmoja ni Brundisium, yaani Brindisi ya leo. Mwanajiografia Strabo aliandika ya kuwa katika lugha yao kichwa cha kulungu huitwa brention. Kialbania kina neno bri, lenye maana ya pembe. Na ukiitazama ramani ya Brindisi, utaona bandari yake ina mikono miwili ya maji iliyoachana kama pembe za kulungu. Shahidi wa kale, neno lililo hai, na mahali penyewe, vyote vitatu vyaelekeza upande mmoja. Hivyo ndivyo jina lifasiriwavyo.

Na viambishi? Navyo vyaweza kuthibitishwa. Hapa Kenya tuna Kapsabet, Kapenguria na Kapsowar. Twajua ya kuwa Kap- ni kiambishi chenye maana ya makao au mahali pa, kwa sababu Kikalenjin ki hai, na mzee yeyote wa huko aweza kuulizwa. Lakini kwa Epi ya Iliria hapana mzee wa kuulizwa. Hiyo ndiyo tofauti yote. Baadhi ya wataalamu huunganisha Dardania na neno la Kialbania dardhë, yaani mpea, na Delminium, mji wa Wadalmata, na neno delme, yaani kondoo. Sisemi ni uongo. Wanaweza kuwa na haki, na Kialbania chaweza kuwa mjukuu wa lugha mojawapo za huko. Wako wataalamu wanaokubali, na wako wanaokataa. Nasema tu ya kuwa kondoo na mpea ni wageni waliobisha hodi; hawajakaribishwa bado kuwa wenyeji.

Pengine utauliza, "Mambo haya yana hasara gani? Mtu akikosea jina la mji uliokufa, nani aumia?" Hapo ndipo penye uzito. Majina ya kale hayakai katika vitabu; hutoka, yakashika bendera. Katika miaka ya 1830 Ljudevit Gaj na wenzake katika Kroatia walijiita Wailiria, wakitaka kuwaunganisha Waslavi wa kusini. Nia yao ilikuwa umoja na heshima ya lugha yao; lakini Waslavi waliingia nchi hizo katika karne ya 6 na ya 7 baada ya Kristo, muda mrefu baada ya Teuta na Gentius. Serikali ya Wahabsburg iliogopa jina hilo kiasi cha kulipiga marufuku mwaka 1843. Neno tu, na serikali ikatetemeka! Katika Albania, Enver Hoxha alipiga marufuku dini zote mwaka 1967, na katika miaka ya 1970 serikali yake iliwahimiza wazazi waache majina ya dini na kuwapa watoto majina yaliyohesabiwa kuwa ya Kiiliria. Mtoto aliitwa Teuta au Agron si kwa sababu bibi yake aliitwa hivyo, bali kwa sababu serikali ilitaka ukoo wa miaka elfu mbili. Na hata leo katika nchi za Balkani pana watu wanaobishana juu ya silabi za Wailiria, kana kwamba anayeshinda hoja ya silabi atapewa hati ya ardhi.

Sasa turudi nyumbani na mizani yetu. Nasi tunao watu wa masikio. Umewasikia wanaothibitisha ya kuwa kabila lao lilitoka Misri au Israeli kwa sababu jina la babu lafanana na jina la Biblia. Umewasikia wasemao, "Kilima kile kina jina la lugha yetu, kwa hiyo nchi ni yetu, na jirani ni mgeni." Kenya imeona, mwaka 1992 na tena mwaka 2008, raia wakifukuzwa katika mashamba yao kwa kuitwa wageni. Sisemi ya kuwa majina ya vilima ndiyo yaliyoleta maovu hayo. Nasema ya kuwa mtu aliyezoea kuamini silabi bila kipimo, ni rahisi kumwaminisha neno lolote juu ya jirani yake. Nairobi ni jina la Kimaasai, lenye maana ya maji baridi. Hilo lina ushahidi wa kutosha. Je, kwa hiyo wakazi wengine wote wahame? Hata jina likifasiriwa kwa haki, hutueleza ni nani aliyepaita mahali hapo hivyo zamani. Halitoi hukumu juu ya nani akae hapo leo. Hukumu hiyo ni ya sheria na ya utu, na sarufi haina kiti katika baraza hilo.

Basi, msomaji, mtu akikujia na jina la kale mkononi, mwulize maswali matatu. Je, jina hili liliandikwaje katika maandishi ya zamani kabisa? Je, sauti zake zimebadilika kwa sheria gani, na ni maneno gani mengine yaliyofuata sheria hiyo? Je, ni shahidi gani, nje ya jina lenyewe, akubaliye? Akiwa na majawabu matatu, mketishe, umsikilize kwa heshima. Akiwa na mawili, mwambie arudi kesho. Akiwa na sikio tu, mwonyeshe ng'ombe wawili wa Wagiriki, mwonyeshe pete ya Anna, kisha umwache aende zake.

Najua ya kuwa njia hii haipendezi wengi. Humpunguzia mtu mababu, humnyang'anya wafalme wa ndotoni. Lakini mwenye babu mmoja wa kweli ni tajiri kuliko mwenye mia wa kuazima. Wailiria walilima, wakachunga, wakavua, wakapigania nchi yao, wakafa. Heshima tunayoweza kuwapa ni kutowatia vinywani maneno wasiyoyasema. Na heshima hiyo hiyo tunawiwa na wazee wetu wenyewe.